Duka Jema la Vitambaa

Miezi ya Juni na Julai, upepo wa usiku unapokuwa mkali katika uwanda wa Dodoma, wengi hutafuta kitambaa cha kushonea mfarishi, pazia zito au nguo za watoto. Anayekwenda Soko la Majengo, au katika barabara zenye namba katikati ya jiji, hukuta maduka yaliyopangana, yote yamejaa majora, na bei zake hazipishani sana. Twaona kwamba linalotenganisha duka jema na jingine ni utayari wa mwenye duka kukuonyesha bidhaa yake na kipimo chake kabla hujatoa fedha. Wingi wa rangi rafuni si hoja.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo mlaji hupoteza pakubwa bila kujua. Vitenge vimezoeleka kuuzwa kwa yadi, ilhali vitambaa vingine huuzwa kwa mita. Yadi moja ni sentimita 91 na ushei. Yadi 6 basi ni mita 5 na nusu hivi. Anayelipia mita 6 akapimiwa yadi 6 amepoteza sentimita 51, kitambaa kinachotosha blauzi ya mtoto mdogo. Uliza mapema: bei hii ni ya yadi au ya mita? Muuzaji mwema hujibu mara moja, hulaza kitambaa mezani bila kukivuta, na hupima kwa mita ngumu ya mbao au chuma yenye alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Kupima kwa mikono iliyonyooshwa kifuani ni desturi ya zamani. Mikono ya watu, hata hivyo, hailingani.

Upana nao una hesabu yake. Tuseme kitambaa cha upana wa sentimita 110 kinauzwa shilingi 6,000 kwa mita, na cha sentimita 150 kinauzwa 7,500. Cha kwanza chaonekana rahisi, lakini ukigawanya kwa eneo, cha pili ndicho nafuu: shilingi 5,000 kwa mita ya mraba, dhidi ya takriban 5,450.

Kisha aina ya nyuzi. Kwa wanaounganisha vipande kuwa mfarishi, jambo hili lina uzito wa pekee: pamba hunywea inapofuliwa na poliesta hainywei sana, hivyo ukizichanganya, mshono hujikunja baada ya ufuaji wa kwanza na kazi ya wiki nzima huharibika. Omba nyuzi chache kutoka ukingoni, uzichome nje ya duka kwa uangalifu. Pamba hunuka kama karatasi iungulayo na kuacha jivu laini; poliesta huyeyuka na kuganda kuwa kishanga kigumu. Kwa rangi, sugua kitambaa kwa leso nyeupe iliyoloweshwa. Muuzaji akikasirika kwa ombi dogo kama hili, nenda duka la pili.

Jua la Dodoma ni kali, na majora mengi huning'inizwa mlangoni kutwa kuvutia wateja. Usikatiwe kitambaa kabla jora halijakunjuliwa: kwenye mikunjo ya nje utaona mstari uliopauka, wakati ndani rangi ingali nzito. Muuzaji mwema hukata kutoka ndani, au hupunguza bei akasema sababu. (Katika mnada kama wa Msalato utapata bei nzuri, ila kumbuka kuwa huenda usimwone tena muuzaji huyo.)

Dai risiti inayotaja aina ya kitambaa na urefu wake, siyo neno «nguo» peke yake. Tangazo la «bidhaa ikiuzwa hairudishwi» lisikutishe; halimwondolei mwenye duka wajibu wake iwapo amekuuzia pamba isiyokuwa pamba. Ukibaini kasoro, rudi na risiti pamoja na kitambaa kabla hakijakatwa na fundi, kwa kuwa kikishakatwa ni vigumu kuthibitisha urefu uliopimiwa. Asipokusikiliza, malalamiko ya kipimo yapeleke Wakala wa Vipimo, na ya udanganyifu wa maelezo ya bidhaa yapeleke Tume ya Ushindani.