Piga Iwe Pika: Somo la Lishe Ndani ya Wimbo wa Utani

Wanavyuo wenzangu, hasa sisi tunaosomea ualimu, tunapozungumzia zana za kufundishia tusiusahau utani. Tuchambue mfano mmoja.

Mwaka 1983 Michael Jackson alitoa video ya "Beat It", ambamo magenge mawili yanakutana kupigana. Mwaka uliofuata Mmarekani mwenzake, "Weird Al" Yankovic, akatoa "Eat It". Mdundo uleule, koti jekundu vilevile, na matukio ya video yanafuatana karibu hatua kwa hatua. Kilichobadilika ni ugomvi wenyewe: sasa anakaripiwa mtu anayechagua chakula, aambiwe ale tu. Jackson aliridhia, na mwaka 1985 wimbo huo ukapata tuzo ya Grammy upande wa vichekesho.

Ufundi uko wapi? Jina limeondolewa herufi moja tu. Kwa Kiswahili ni kama kugeuza "piga" iwe "pika". Msikilizaji anasubiri neno analolijua, linakuja jingine, anacheka. Na neno lililomchekesha halimtoki haraka kichwani. Hapo ndipo mwalimu anapopenyeza somo.

Sasa tuulete Sumbawanga. Tukiutafsiri kama ulivyo, utafaa? Hapana. Rukwa inalima mahindi mpaka inalisha mikoa mingine, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Ule wa 2022 ukakuta bado ni karibu nusu. Kwa hiyo kumwambia mtoto wa Ufipa "kula!" haitoshi. Ugali anaula vizuri tu. Swali ni: anaula na nini? Yaani kushiba ni jambo moja, kujengwa mwili ni jingine. Yapo pia maradhi ya kuhara, na mama anayeshinda shambani akakosa muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara.

Kwa darasa la tano, jaribu hivi:

1. Chagueni wimbo ambao wote wanaujua. Wauimbe kwanza kama ulivyo mpaka mapigo yakae.

2. Wahesabu silabi za kila mstari, maana mstari mpya lazima ulingane na wa zamani. Mfano: "Sahani imejaa, dagaa wako wapi?" Silabi saba kwa saba.

3. Kila kundi liingize chakula kimoja kinachopatikana kwao: maharage, karanga, mayai, mboga za majani, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Halafu lieleze kinafanya kazi gani mwilini.

Tahadhari moja. Mwaka 1988 Yankovic alitoa "Fat", akiigeuza "Bad" ya Jackson, na humo kinachochekwa ni unene. Darasani usiende huko. Udumavu huanza katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba mpaka miaka miwili, na mtoto hakuuchagua. Ukitania ufupi, yule wa dawati la mbele atajua anachekwa yeye. Mtani mwenye adabu hucheka sahani, hamcheki mlaji.

Utauliza: kama siku hizo zimeshapita, darasa la tano lina faida gani? Jioni haohao ndio wanaobeba wadogo zao mgongoni na kuwakorogea uji. Wimbo utafika nao nyumbani. Tukienda mazoezi ya kufundisha, tuujaribu.