Kadi ya Pikipiki Iko Wapi?

*Shangazi,*

*Mume wangu ana miaka 27, ni dereva wa bodaboda hapa Mbagala. Tangu mwaka juzi anacheza kickboxing kwenye gym ya mtaani, amepanda ulingoni mara nne, kashinda tatu. Sasa anataka MMA, zile ngumi za ndani ya wavu ambazo mtu hata akianguka bado anapigwa. Kuna kaka amekutana naye WhatsApp, anajiita meneja, anasema atampeleka Dubai akapigane, ila kwanza atume milioni tatu na nusu za viza, tiketi na "usajili". Pikipiki tumemaliza mkataba mwezi wa nne. Juzi nikapigiwa simu na mtu nisiyemjua, ananiuliza kadi ya pikipiki anayo nani, maana wameshakubaliana bei na mume wangu. Ndipo nikajua.*

*Nikisema neno ananijibu kwamba hata Ngannou alilala nje huko Paris, leo ni tajiri. Na siku hizi anakimbia saa saba mchana kavaa koti la mvua, maji hanywi, eti anakata uzito. Tuna mtoto wa miaka miwili. Nimzuie au nimwache? Naogopa atasema nimemkatia ndoto.*

*Mama wa Mmoja, Mbagala*

Mwanangu, kwanza hiyo kadi iko wapi? Kama bado iko ndani, ipeleke kwa mama mkwe wako aitunze, kisha umwambie mumeo waziwazi kwamba umeipeleka huko. Usimfiche. Mambo ya kufichana ameyaanza yeye, wewe usimfuate.

Huyo kaka wa WhatsApp hana la kunisumbua kichwa. Promota anayemhitaji mpiganaji ndiye anayemlipia safari. UFC, kampuni kubwa kuliko zote za mchezo huu, humkatia mpiganaji tiketi na hoteli, yeye pamoja na msaidizi mmoja wa kumkalia kona. Meneja wa kweli hula asilimia baada ya pambano. Mpiganaji wake asipolipwa, na yeye analala njaa. Anayetaka hela kabla ya pambano, biashara yake ni hiyo hela. Mumeo amwombe mkataba wenye jina la mpinzani, uzito, tarehe na malipo, pamoja na namba ya promota huko Dubai. Halafu akaulizie Baraza la Michezo la Taifa utaratibu wa kibali cha mwanamichezo kwenda kushindana nje. Nadhani kaka atakuwa bize ghafla.

Tuje kwa Ngannou, maana hapo mumeo hakudanganya. Francis Ngannou alizaliwa Batié, Kamerun, akachimba mchanga tangu utotoni. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akakata jangwa la Sahara, akahangaika Moroko, akawekwa kizuizini Hispania miezi miwili, akafika Paris 2013 na kulala kwenye maegesho ya magari. Machi 2021 akamwangusha Stipe Miocic na kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Tatizo ni kwamba mumeo hadithi anaikatisha hapo. Januari 2022 bingwa huyohuyo alitetea mkanda wake dhidi ya Ciryl Gane goti likiwa bovu, na malipo yaliyotangazwa yalikuwa dola 600,000. Kwangu na kwako ni utajiri. Yeye aliona hazilingani na kinachoingia mlangoni, akadai na bima ya afya kwa wapiganaji. Hawakuelewana. Januari 2023 akaondoka, mkanda akavuliwa. Oktoba mwaka huo akapigana ndondi na Tyson Fury mjini Riyadh, akashindwa kwa pointi, na mwenyewe akasema pambano lile moja lilimlipa kuliko yote aliyopigana UFC.

Kwa hiyo bingwa wa dunia alikuwa anagombea bima ya afya, mwanangu. Mumeo akivunjika taya huko Dubai, atatibiwa na nani?

Mwambie pia amtafute Themba Gorimbo, wa Zimbabwe. Huyu alipigana miaka mingi Afrika Kusini ndipo akaingia UFC. Pambano lake la kwanza kule, Februari 2023, alipigwa kabari. La pili, Mei mwaka huohuo, alishinda, na akaeleza kwamba benki alikuwa na dola 7 na alikuwa analala kwenye kochi la gym. Dola saba wakati ule hazikufika shilingi elfu ishirini za kwetu. Baadaye mwigizaji Dwayne Johnson alimzawadia nyumba Miami, jambo zuri, lakini huwezi kulipanga kwenye bajeti.

Wala si kwamba Gorimbo alikuwa mbadhirifu. Kwa miaka mingi mgeni UFC amekuwa akilipwa dola 10,000 au 12,000 kwa kupanda ulingoni, na kiasi kama hicho tena akishinda. Akishindwa Marekani na kubaki na 12,000 yake, kodi ya mgeni kule inaweza kuondoka na asilimia 30 hapohapo. Meneja anachukua yake, gym nayo yake, chakula na mazoezi ya miezi miwili alishakula kwa mkopo. Mapambano yenyewe kwa mwaka ni mawili, labda matatu. Mpiganaji si mwajiriwa, ni kama mkandarasi anayejigharamia. Na hapo nazungumzia kilele cha mchezo, siyo ukumbi wa Dubai usio na jina.

Hilo koti la mvua ndilo lililoninyima raha. Desemba 2015 mpiganaji kijana wa Kichina, Yang Jian Bing, miaka 21, alifariki Manila baada ya kujikausha maji ili afikie uzito, na ONE, kampuni iliyoandaa pambano lake, ikabadilisha taratibu za kupima. Mumeo hana hata pambano lenye tarehe, anajikausha kwa ajili ya nani? Leo anywe maji. Na umuulize, bila ukali, kama amewahi kuzimia mazoezini, au kichwa kinamuuma akilala. Ubongo unahesabu ngumi za mazoezini sawasawa na za ulingoni.

Kumzuia kabisa sikushauri. Mwanaume aliyekatazwa atauza pikipiki usiku. Zungumzeni mezani: pikipiki haiguswi, mazoezi yanaendelea alfajiri, boda mchana. Muulize kama gym yao ina mtu wa kumfundisha mieleka na kabari. Kama hakuna, bado hajaanza MMA, kwa sababu mpiga mateke akishaburuzwa chini mateke yake hayana kazi. Ngannou mwenyewe alilipata somo hilo Januari 2018, Miocic alipomlaza chini muda mwingi wa raundi tano. Apate kwanza mapambano ya hapa nyumbani, rekodi yake ijulikane. Bondia Hassan Mwakinyo wa Tanga alikuwa ameshapigana sana hapa ndipo mwaka 2018 akaitwa Birmingham kwa dharura kujaza nafasi, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili.

Na yule mnunuzi mpigie leo, umwambie pikipiki haiuzwi. Kama alishatoa kishika uchumba, mumeo akirudishe kabla hajakituma Dubai.