Kiwanda Kimefungwa, Sumu Imebaki: Udongo na Maji ya Ardhini Huchunguzwaje?

Kiwanda kikifungwa, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu na nyasi zikaota, wananchi huanza kuulizana: ploti hii itafanyiwa nini? Wapo wanaotaka soko, wapo wanaotaka uwanja wa michezo, na shule jirani nayo huwa imeshaikodolea macho. Ni swali zuri, ila kuna lingine linalopaswa kulitangulia: chini ya nyasi hizo kuna nini? Somo letu la mazingira katika toleo hili linaeleza jinsi wataalamu wanavyolijibu. Tutatumia mfano wa mbali, jiji la Seattle nchini Marekani, kwa sababu huko jambo lenyewe lilianza zamani, limeandikwa vizuri, na mpaka leo halijakwisha.

Kando ya ziwa Lake Union jijini humo kulikuwa na kiwanda cha gesi kilichofanya kazi kuanzia 1906 hadi 1956. Tusiichanganye gesi hiyo na ile ya mitungi tunayonunua dukani. Hiyo ilitengenezwa papo hapo: makaa ya mawe yalitiwa katika tanuri zilizozibwa zisiingize hewa, yakapashwa moto mkali hadi yakatoa gesi, nayo gesi ikasafirishwa kwa mabomba hadi majumbani. Kuanzia 1937 kiwanda kiliacha makaa kikatumia mafuta. Viwanda vya namna hii vilienea Ulaya na Marekani tangu kampuni ya gesi ya London ilipopewa hati yake mwaka 1812, na gesi asilia ilipofika kwa mabomba ya masafa marefu, vikafungwa kimoja baada ya kingine.

Gesi iliondoka, lakini masalio hayakuondoka. Kupika makaa kunatoa lami nyeusi nzito, na ndani ya lami mna benzini, naftalini (ile yenye harufu ya vijidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini) na kundi kubwa la kemikali ambazo baadhi yake husababisha saratani. Benzini yenyewe pia inajulikana kusababisha saratani ya damu. Kisha gesi ilihitaji kusafishwa. Katika viwanda vingi ilipitishwa kwenye masanduku yenye vipande vya mbao vilivyochanganywa na kutu ya chuma, na vipande hivyo vikichoka vilimwagwa tu nyuma ya kiwanda vikiwa vimejaa sianidi. Mchunguzi akikuta udongo wenye rangi ya buluu mahali kama hapo, hahitaji kuuliza mara mbili umetoka wapi.

Serikali ya jiji la Seattle iliinunua ardhi hiyo, takriban ekari 20, na kumpa kazi msanifu wa mandhari Richard Haag. Haag aliacha minara ya kiwanda isimame, akarundika vifusi vikawa kilima, akavifunika kwa udongo mpya, na sehemu nyingine akachanganya udongo mchafu na mbolea ya majitaka ili vijidudu vile mafuta yaliyomo. Bustani ya umma ilifunguliwa mwaka 1975 na watu wakaipenda mno. Lakini mwaka 1984 vipimo vilipoonyesha kemikali za lami kwenye udongo, bustani ilifungwa kwa muda. Baadaye lami ilipatikana ikichomoza juu ya ardhi, na benzini ikakutwa kwenye maji ya ardhini, ikabidi hewa isukumwe chini kwa mabomba ili kuitoa. Hadi leo watu hupanda kilima kile kurusha tiara, ila kuogelea ziwani kutoka bustanini ni marufuku, kwa kuwa tope la chini ya maji bado lina sumu.

Kwa maoni yangu, kujenga bustani halikuwa kosa. Wazo la Haag la kuwatumia vijidudu lilitangulia wakati wake. Tatizo ni mpangilio: watoto walianza kucheza kwanza, uchunguzi wa kina ukafuata. Uchunguzi ukija nyuma, kila kinachogunduliwa kinakuta watu tayari wako pale.

Uchunguzi wenyewe, basi, huanza bila jembe. Wataalamu hukusanya ramani za zamani, picha, michoro ya kiwanda na, pale wanapopatikana, wazee waliofanya kazi humo. Hao wazee ni hazina. Ramani itakuonyesha tangi lilikuwa wapi, ila haitakwambia kwamba tangi lilivuja, au kwamba Ijumaa jioni taka zilimwagwa penye mtelemko. Baada ya hapo timu hutembea kila pembe ya ploti ikitazama mimea iliyodumaa, madoa na mabomba yaliyokatwa. Kutokana na hayo hutengenezwa picha ya dhana yenye maswali matatu: sumu iko wapi, inapita njia gani, na inamfikia nani? Sumu isiyo na njia haimdhuru mtu leo. Sumu ndogo yenye njia ya moja kwa moja hadi kisima cha shule ni jambo la dharura.

Ndipo kuchimba kunapoanza, na hapa pana ujanja wa ardhi ambao watu wengi hawaujui. Vitu vinavyovuja haviendi pamoja. Benzini huyeyuka kwa kiasi ndani ya maji na kusafiri nayo, hivyo inaweza kufika kwa jirani. Lami ya makaa ni nzito kuliko maji. Huzama kupita mchanga na changarawe hadi ikutane na tabaka gumu kama udongo wa mfinyanzi, kisha hutambaa kufuata mtelemko wa tabaka hilo, hata kama maji ya juu yake yanaelekea upande mwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kupima udongo wa juu, akaukuta safi, na mita kadhaa chini pakawa na dimbwi jeusi lililokaa miongo mingi.

Kwa sababu hiyo, mashine ya kuchimba ikipewa mtu asiyejua inaweza kugeuka chanzo cha balaa. Lile tabaka la mfinyanzi ni kama kitako cha chungu. Ukilitoboa bila kuweka bomba la kinga na kuziba pembeni, umeipa lami njia ya kushuka kwenye maji safi ya chini. Kisima kilichonuiwa kuchunguza uchafuzi kinakuwa kimeueneza.

Maji ya ardhini nayo yana mwelekeo, na ili kuujua huhitajika visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, vikae kama mafiga. Kisima kimoja kitakwambia maji yako kina gani, basi. Viwili vitakuonyesha upande wenye maji ya juu zaidi, lakini huenda maji yanakatiza kwa mshazari. Kwa vitatu, urefu wa maji ukipimwa kutoka alama moja, unaweza kuchora mstari na kusema: yanaelekea kule, kwenye zile nyumba. Vipimo hurudiwa kiangazi na baada ya mvua ndefu, kwani maji yakipanda yanaweza kugusa uchafu yaliokuwa hayaugusi.

Sampuli ya maji hutiwa kwenye chupa ndogo ya glasi na kujazwa pomoni, pasibaki hewa, maana benzini huruka. Huwekwa kwenye baridi na kusafiri na karatasi inayoonyesha nani aliichukua, saa ngapi, na nani aliipokea. Karatasi hiyo huonekana kama usumbufu wa ofisi hadi siku kesi itakapofika mahakamani.

Nasi Kenya tunazijua kesi hizo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madini ya risasi kwenye udongo, vumbi na damu zao. Si gesi wala lami, ila maswali ni yale yale matatu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Juu. Vipimo vya udongo na vya damu ndivyo vilivyogeuza malalamiko ya wakazi kuwa ushahidi.

Sheria iko upande wa mwananchi anayeuliza. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani, na cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa hiyo ploti ya zamani ya kiwanda, gereji au bohari ya mafuta ikiletwa kwenye kikao cha ushirikishaji wa umma ili igeuzwe soko au shule, ulizeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Isomeni pale inapotaja udongo na maji ya chini. Ikiwa inasema tu kwamba ardhi ni tambarare na ina nyasi, ulizeni ni mashimo mangapi yalichimbwa, kina gani, na maabara gani ilipima. Anayetaka kuchimba kisima karibu na mahali hapo aanzie kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, inayotoa kibali, na awaeleze wazi pale palikuwa na nini. Mwenye kununua udongo wa kujazia msingi naye aulize lori limeutoa wapi. Udongo wa bei ya chini mno huenda una historia.

Na kama maji ya kisima chako yameanza kunuka mafuta, lami au vile vijidonge vya nondo, acha kuyanywa na kuyapikia. Usiyaonje ili kuhakikisha. Kuchemsha huua viini, lakini hakuondoi madini ya risasi, na kemikali zinazoruka huishia puani mwa anayepika. Andika tarehe ulipoanza kuona mabadiliko, kina cha kisima, kama mvua ilikuwa imenyesha, na majirani wangapi wameona vivyo hivyo. Kisha peleka maelezo hayo kwa ofisi ya mazingira ya kaunti au afisa wa NEMA, na usichote sampuli kwa chupa ya soda. Maafisa watakuja na chupa zao.