Shemeji Apunguze Sauti

SWALI: Daktari, nipo Galula, wilaya ya Songwe. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka mitatu, wa kiume ana miezi saba na bado ananyonya. Shemeji yangu ana kibanda umiza hapa senta. Usiku nikimaliza kazi naenda nao kuangalia muvi za kutafsiriwa, maana mimi hanitozi kiingilio. Mdogo namnyonyesha humohumo na analala fofofo, hata sauti iwe kubwa vipi. Mama mkwe anasema nitamharibu masikio, na kwamba mkubwa anaweweseka kwa sababu ya hizo muvi. Mume wangu anasema hayo ni maneno ya wazee tu. Nani yuko sahihi?
Mama wa wawili, Galula

JIBU: Mama mkwe wako yuko sahihi kwa yote mawili, na mumeo usimwoneshe gazeti hili kwa kumkomoa. Lakini sitakuambia ujifungie ndani. Mtu aliyeamka alfajiri akalima, akapika na kunyonyesha ana haki ya kukaa na wenzake akacheka. Tuangalie namna ya kwenda.

Kwanza, usingizi wa mtoto usikudanganye. Amelala kwa sababu amechoka na yuko kifuani pako, lakini sikio lake linaendelea kupokea kila kishindo. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinywele vidogo mno vinavyoipokea sauti, na zikishakufa kwa kelele hazioti tena. Isitoshe, njia ya sikio la mtoto ni fupi na nyembamba, kwa hiyo mlio mkali humfikia ukiwa na nguvu kuliko unavyokufikia wewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila kuumia, na kwa mtoto kiwango hicho hushuka hadi desibeli 75. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Piga hesabu: banda likifika desibeli 90, mtoto amemaliza fungu lake la wiki nzima kwa saa moja na robo, yaani kabla hata nyota wa muvi hajaanza kulipiza kisasi. Huna kifaa cha kupimia, basi tumia mdomo. Ukilazimika kupaza sauti ili jirani yako wa benchi akusikie, hapo hapamfai mtoto. Kukaa mbali na spika kunasaidia, ila chini ya bati sauti hugonga na kurudi, kwa hiyo benchi la nyuma nalo si kimbilio kamili. Pamba usimwekee: haizuii kelele ya kutosha, na kipande kinaweza kubaki ndani ya sikio. Wala usimfunike uso kwa kanga ili mwanga usimsumbue. Katika joto la bonde la Rukwa, ndani ya banda lililojaa watu, mtoto anahitaji hewa.

Na hewa ndiyo inayonitisha zaidi kwa huyu wa miezi saba. Chanjo ya kwanza ya surua-rubella hutolewa mtoto akitimiza miezi tisa, ya pili akiwa na miezi kumi na minane. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwako, ya kupitia damu, sasa imepungua sana, na ya sindano bado hajaipata. Yuko katikati. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, hivyo aliyekohoa kwenye onesho la saa kumi na mbili anaweza kumwambukiza mtoto wa onesho la saa mbili usiku. Kifua kikuu nacho hupenda vyumba visivyo na madirisha, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano huweza kugeuka ugonjwa mkali upesi. Chanjo ya BCG aliyochomwa humkinga dhidi ya aina zilizo mbaya zaidi, lakini si kwa asilimia mia. Kwa maoni yangu, huyu mdogo asiingie tena bandani mpaka apate chanjo ya miezi tisa na wiki mbili zipite. Mwache na huyo mama mkwe anayeyapenda masikio yake, umnyonyeshe kabla hujatoka.

Halafu kuna mbu. Wale wa malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na kwenye benchi hakuna chandarua. Kati ya 1935 na 1937, mradi mmoja wa Waingereza wenye makao Vugiri, milima ya Usambara, ulizungusha filamu kwa lori vijijini, na mojawapo ilihusu malaria ya watoto wachanga. Ili picha ionekane ilibidi kungoja giza, kwa hiyo nadhani mbu nao walihudhuria somo.

Kuhusu mkubwa: mtoto wa miaka mitatu haelewi kwamba damu ile ni rangi. Kwake, mtu ameuawa kweli, na usiku atarudi. Usimcheke wala usimtishe kwa jina la jambazi wa muvi. Mwepushe na muvi za bunduki na majini kwa wiki chache uone kama usingizi utatulia. Umri wake unafaa saa moja ya skrini kwa siku, ikizidi sana. Wa chini ya miaka miwili hahitaji kabisa. Lakini akiweweseka huku mwili una moto, usiilaumu muvi. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo akapimwe malaria.

Sasa shemeji. Kule Kanada kampuni ya Cineplex ina maonesho ya mchana ya wazazi wenye vichanga: sauti inashushwa, taa hazizimwi zote, na mtoto akilia hakuna anayegeuka. Hilo linawezekana Galula. Mwombe alasiri moja ya katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi na Jumapili ni za mpira na hamtazipata. Milango na madirisha wazi, vichekesho badala ya vita, na kama anatumia jenereta ikae mbali nje, moshi usiingie ndani. Kina mama kumi wakilipa kiingilio, wewe ukiwemo safari hii, sidhani atakataa.

Siku ya chanjo, mwambie muuguzi kama mdogo hageuki ukimwita kwa nyuma, au kama hashtuki mlango unapogongwa kwa nguvu. Usingoje umri wa kuongea ufike.