Kupanga Orodha ya Vyuo vya Afya kwa Uwiano

Mwombaji mwenye sifa kamili anaweza kukosa chuo kwa sababu tu ameomba mahali pamoja, penye ushindani mkali. Nchini Tanzania, mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutaja sifa za chini za kila programu. Sifa hizo humruhusu mtu kuomba, hazimhakikishii nafasi.

Katika matokeo ya kidato cha sita, A ni pointi 5 na D ni pointi 2. Mwenye D tatu katika Fizikia, Kemia na Baiolojia ana pointi 6. Akiomba udaktari Muhimbili peke yake, atashindana na wenye pointi hadi 15. Ni busara orodha yake iwe na ngazi tatu:

1. Chaguo la matumaini: programu ambayo alama zake ziko chini ya za wanaodahiliwa kwa kawaida.
2. Chaguo linalolingana: programu ambayo alama zake zinakaribiana na zao.
3. Chaguo la uhakika: programu ambayo alama zake zinazidi zao, katika chuo chenye ushindani mdogo.

Chaguo la uhakika lisiwe la kujaza nafasi. Liwe lile ambalo mwombaji yuko tayari kulisomea, na ambalo familia inaweza kulilipia ada.

Akidahiliwa na zaidi ya chuo kimoja, athibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa.