Sumaku Haipimi Kutu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wanunuzi wengi wa Ifakara huamini kwamba sufuria ya stenlesi ikinaswa na sumaku ni feki. Imani hiyo inawapotezea fedha. Kinachozuia kutu ni kromi: ikifika angalau asilimia 10.5 ndani ya chuma, hushikana na oksijeni ya hewani na kuweka utando mwembamba usioonekana. Kinachoondoa mnaso wa sumaku kwa kawaida ni nikeli, na hilo ni jambo jingine kabisa. Katika Bonde la Kilombero, masika yanapojaza unyevu jikoni, chagua na utunze vyombo kwa kujua tofauti hiyo.

FANYA

1. Tafuta namba ya aina ya chuma kitakoni mwa chombo. 304 ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli 8. Sumaku hainasi, na kutu huishinda kwa shida. 430 haina nikeli, sumaku hunasa, lakini kromi yake ya asilimia 16 hadi 18 inatosha kwa kazi za kawaida. Milango mingi ya friji za stenlesi ni ya chuma hiki. 201 imepunguziwa nikeli na kuongezwa manganizi: sumaku hainasi, ila hushika kutu mapema kuliko 304.
2. Tumia sumaku unaponunua sufuria ya jiko la induksheni. Kitako kisiponaswa, jiko halitaipasha moto.
3. Osha mara moja beseni ulilotilia chumvi perege au kambale.
4. Kausha chombo kabla ya kukipanga. Utando hujirudisha wenyewe palipo safi na penye hewa.
5. Kutu changa ifute kwa ndimu, suuza, kisha kausha.

USIFANYE

1. Usikatae kisu kwa sababu kinanaswa. Chuma cha visu huandaliwa kiwe kigumu, nacho hunasa.
2. Usisugue kwa stiliwaya. Vipande vyake hubaki juu ya chombo, vikashika kutu na kukichafua.
3. Usiloweke chombo usiku kucha katika maji ya klorini. Klorini hutoboa utando, kikabaki na vishimo.
4. Usitie chumvi katika maji baridi ikatuama chini. Subiri yachemke, tia, koroga.
5. Usimlipe muuzaji anayekuapia kwamba chombo hakitapata kutu kamwe. Mwambie akuonyeshe namba. Akishindwa, usikubali bei ya 304.