Kujua Unaishi kwa Ajili ya Nini

Swali la "niko duniani kwa ajili ya nini?" huwajia wengi wakati mgumu: mtu amepoteza kazi, amefiwa, au amefika miaka arobaini na kuona walioanza naye wamemwacha mbali. Ukilishika lote kwa mkupuo halijibiki. Linajibika ukilivunjavunja na kulipeleka kwenye siku ulizokwisha kuziishi, kwa sababu ushahidi uko huko.

Chukua daftari la kawaida. Simu iweke mbali, maana itakuita kwingine. Kila usiku kwa wiki mbili tenga dakika 15 uandike mambo mawili: saa ambayo leo moyo wako wote ulikuwa kwenye ulichokifanya, na saa ambayo ulikuwepo kiwiliwili tu. Usiandike unachotamani kuwa, andika kilichotokea. Kwa mfano: "Kikao saa tatu hadi saa tano, sikumbuki lililosemwa. Jioni nimemwelekeza mtoto wa jirani hesabu za sehemu. Adhana ya isha imenikuta bado nimeinamia daftari lake." Mistari miwili ya namna hiyo inakueleza mengi kuliko ukurasa mzima wa "nataka kuwa mtu wa maana".

Wiki mbili zikiisha, soma yote kwa mara moja na upigie mstari yanayojirudia. Halafu jiulize swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: ni shida gani ya watu inayonikosesha raha hata pale isiponigusa mimi? Kufurahia jambo peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kufurahia kutazama mpira kila jioni na asipate humo kazi ya maisha yake.

Mfano ni Wangari Maathai, aliyekuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka ya 1970, katika shughuli za Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamikia kuni, maji safi na chakula. Malalamiko yale hakuyaacha yapite. Juni 1977 yeye na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi, na huo ndio ukawa mwanzo wa vuguvugu la upandaji miti la Green Belt Movement. Tuzo ya Amani ya Nobel ilikuja mwaka 2004. Mwanzo, basi, ulikuwa miti saba tu.

Nawe fanya hivyohivyo: kile ambacho daftari linakuonyesha, kijaribu kwa udogo. Ikiwa ni kufundisha, wakusanye watoto watatu wa mtaani Jumamosi moja. Ikiwa ni wagonjwa, nenda wodini ukawasaidie wasio na ndugu. Ukimaliza, andika tena. Jambo likikuchosha mwili lakini ukatamani kurudi, endelea nalo.

Pia muulize mtu anayekufahamu tangu utotoni, awe shangazi au rafiki mliyesoma naye: "Watu hunifuata kwa shida gani?" Kipawa tulichokizoea hatukioni wenyewe.

Wala usikimbilie kuacha kazi. Mshairi Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na aliandika huku akiwa mtumishi wa serikali. Mshahara ulilisha nyumba, kalamu ikafanya kazi yake. Nawasihi hasa vijana wanaoambiwa kila siku kwamba asiyeishi kwa kipaji chake amepotea: kodi ya nyumba hailipwi kwa ndoto, na hakuna aibu kuwa na kazi ya riziki na kazi ya moyo.

Kuna hali moja ambayo daftari haliitibu. Ukiona wiki mbili zimepita hufurahii chochote, usingizi umevurugika, hamu ya kula imepotea, au unawaza kufa, hiyo huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Mweleze mtu unayemwamini, na uende kituo cha afya kilicho karibu nawe bila kungoja.